Mafunzo ya Nyumbani: Vyakula vya Wajerumani Vinavyotufaa



Mwezi uliopita katika ukurasa huu tulizungumza juu ya haki za mgeni. Mwezi huu nataka kuendelea na jambo lililo jirani ya hilo, nalo ni chakula cha mgeni. Si kile tumpacho sisi, bali kile ajacho nacho yeye. Huenda baadhi yenu mkastaajabu kumwona mwalimu wa madrasa, mtu aliyezoea ubao na juzuu, akishika mwiko. Walakini mkinisikiliza mpaka mwisho mtaona kwamba sikuingia jikoni kwa hiari, bali niliingizwa na kosa langu mwenyewe; na kosa la mwalimu yafaa lisahihishwe mbele ya wale wale waliolisikia.

Mwanangu wa kwanza alikwenda Ujerumani kutafuta riziki, akakaa huko miaka mingi katika mji wa Stuttgart, ulio kusini ya nchi ile. Huko akaoa. Mkewe ni Mjerumani, naye alisilimu kabla ya nikaha kwa hiari yake. Mwaka jana walikuja kwetu Musoma kwa mara ya kwanza pamoja na watoto wao wawili, binti wa miaka 9 na mvulana wa miaka 6, wakae nasi wiki sita. Nyumba ilijaa furaha. Shemeji zangu walitoka Bunda na mbuzi wawili, na dada wa mke wangu akaja kutoka Butiama na kuku na mtama.

Siku ya tatu mkaza mwana wangu aliomba rukhsa apike. Alikuwa amekuja na kikaango chake cha chuma kutoka kwao, kizito, cheusi, alichorithi kwa nyanya yake. Akapika viazi, akaandaa kwa adabu. Mke wangu akasema tumbo linamwuma, hakula. Siku ya tano akapika tena. Tumbo likauma tena. Nikaona kwamba kile kikaango hakikuwekwa pamoja na sufuria zetu, bali kililala nje, juu ya jiwe karibu na mlango wa jikoni, wala hakuna aliyekigusa. Nilijua sababu. Mke wangu alihofu kwamba chombo kile kilipata kukaangia nguruwe. Nami nilinyamaza, nikijiambia kwamba mambo ya jikoni ni ya wanawake.

Siku ya kumi na mbili mjukuu wangu alirudi kutoka madrasa akilia, akasema harudi tena. Tulipombembeleza alieleza kwamba mtoto mmoja alimwambia, “Usikae karibu nami. Nyinyi Wajerumani mwala nguruwe na kunywa pombe. Mwalimu kasema.” Mwalimu mwenyewe ni mimi. Na kweli nilisema. Miezi mingi nyuma, nilipokuwa nikifundisha vyakula vilivyoharimishwa, nilitaka mfano, nikasema, “Kama Wajerumani, chakula chao ni nguruwe na pombe.” Nilisema pasipo kujua, kwa kuwa nilipata kusikia watu wakisema. Maneno yale yalizunguka, yakarudi nyumbani kwangu, yakamkuta mjukuu wangu.

Usiku ule nilimwita mkaza mwana wangu barazani mbele ya mumewe, nikamwuliza, “Mwanangu, kwenu mwala nini?” Akanijibu kwa Kiswahili chake cha polepole, “Baba, leo ni siku ya kumi na mbili. Nimefurahi umeniuliza.” Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Kisha akaanza kunihesabia vyakula, nami nikachukua daftari na kalamu. Yaliyo humu chini ni yale niliyoandika usiku ule, na yale tuliyoyajaribu baadaye kwa mikono yetu.

KWANZA, YATUPASA KUJUA SHERIA

Kabla ya kutaja chakula chochote yafaa tuweke msingi. Nguruwe ni haramu, na kila kilevi ni haramu. Katika hayo hapana mjadala wala hapana heshima ya mgeni inayoweza kuyalegeza. Lakini ni haramu pia kwa mtu kuharimisha kile ambacho Mwenyezi Mungu hakukiharimisha. Katika chakula asili ya vitu ni uhalali, mpaka ije dalili ya kukataza. Hivyo viazi havigeuki kuwa haramu kwa sababu vimepikwa na Mjerumani, kama vile nguruwe hageuki kuwa halali kwa sababu amepikwa na Mwarabu.

Na juu ya vyombo, jambo hili si jipya. Sahaba Abu Tha'laba al-Khushani alimwuliza Mtume (S.A.W.) khabari ya vyombo vya Watu wa Kitabu waliokuwa jirani zake. Mtume alimwelekeza kwamba wakipata vyombo vingine wasivitumie vile, na wasipopata wavioshe, kisha wale ndani yake. Khabari hii imo katika Bukhari na Muslim. Basi ikiwa chombo cha jirani asiye Mwislamu chatakata kwa kuoshwa, itakuwaje kikaango cha Mwislamu mwenzetu, ambacho mwenyewe atwambia kwamba tangu kusilimu kwake hakikuingia haramu, na kabla ya hapo alikiosha na kukisugua?

Tena kuna khabari ya kenge yule mdogo wa jangwani aliyeandaliwa mbele ya Mtume. Hakumla, kwa kuwa hakuwako katika nchi ya watu wake na nafsi yake haikumtaka. Lakini hakumkataza Khalid bin Walid, ambaye alimvuta kwake akala. Hapa twajifunza kutofautisha mambo mawili. Kutopenda ni jambo moja, na kuharimisha ni jambo lingine. Mtu asiyependa chakula aweza kukiacha kwa wema, asikitukane, wala asiwavunje moyo wanaokila.

PILI, TUSISAHAU KUWA VYAKULA HUSAFIRI

Mzee mmoja wa mtaani kwetu aliposikia khabari hii alisema kwamba sisi watu wa Mara tuna chakula chetu, ugali wa muhogo na mtama, kwa hiyo hatuna haja ya vyakula vya ugenini. Nilimjibu kwa heshima kwamba mtama ni wa Afrika kweli, lakini muhogo asili yake ni Amerika ya Kusini, na mahindi asili yake ni Meksiko. Vililetwa na majahazi na merikebu, babu zetu wakavipokea, na leo twaapa kuwa ni vyetu.

Hata Wajerumani na viazi vyao ni hivyo hivyo. Viazi vilitoka katika milima ya Peru na nchi jirani zake. Vilipofika kwao watu wengi walivikataa, mpaka Friedrich wa Pili, mfalme wa Prussia, akatoa amri mwaka 1756 kwamba vipandwe, kwa sababu ya njaa. Leo Mjerumani bila kiazi ni kama Mjita bila samaki.

Wala Wajerumani si wageni katika nchi hii. Waliitawala Tanganyika mpaka Vita Kuu ya kwanza, iliyokwisha mwaka 1918, na magofu ya ngome yao ya Ikoma yako upande wa Serengeti, si mbali nasi. Utawala ule ulikuwa mkali. Vita vya Maji Maji vya mwaka 1905 hadi 1907, na njaa iliyofuata, viliua watu wengi mno kule kusini, na yafaa vijana wetu wajue. Lakini kutoka kwao pia tulibaki na neno “shule”, na neno “hela”, ambalo ni jina la sarafu yao ndogo, heller, iliyoanza kutumika hapa mwaka 1904. Ikiwa tumeweza kutumia hela zao mpaka leo bila kuona haya, sioni kwa nini viazi vyao vitukwaze.

Jambo moja zaidi liliniondolea shaka. Nilimpeleka mkaza mwana wangu Mwigobero, ufukoni, kununua samaki. Alipomwona sangara alisimama akacheka, akasema, “Baba, huyu namjua! Kwetu aitwa Viktoriabarsch. Mama yangu alikuwa akitukaangia nilipokuwa mtoto.” Kumbe samaki wa ziwa letu alikuwa akiliwa Stuttgart mezani kwa watu ambao hawakupata kuliona ziwa. Na sangara naye hakuwako katika ziwa hili zamani. Alipandwa katika miaka ya 1950 na 1960. Nikafikiri: wao walikula cha kwetu kabla ya kutujua, na sisi twakataa cha kwao hali wako nyumbani mwetu.

TATU, VYAKULA VYENYEWE

Nimevichagua vile tu ambavyo mahitaji yake hupatikana katika masoko ya Musoma na Bunda, na ambavyo mtu aweza kuvipika juu ya jiko la mkaa. Kipimo ni cha watu wanane.

1. Wali wa maziwa (Milchreis). Nauweka mbele kwa sababu ndio ulioleta suluhu, kama mtakavyoona. Chukua maziwa mabichi ya ng'ombe lita 2, mchele nusu kilo, sukari vijiko 6 vya chakula na chumvi kidogo sana. Chemsha maziwa, tia mchele uliooshwa, kisha punguza moto hata uwe mdogo kabisa. Koroga mara kwa mara kwa muda wa dakika 30 au zaidi, kwani maziwa huungua upesi. Ukiwa mzito kama uji wa bwabwa, epua, tia sukari. Wajerumani hunyunyizia juu yake sukari iliyochanganywa na mdalasini wa unga. Wali huu waweza kuwa chakula cha jioni cha watoto, au cha kufuturia.

2. Adesi na tambi za mayai (Linsen mit Spätzle). Hiki ni chakula mashuhuri cha watu wa Stuttgart na nchi yote ile ya Waswabia. Kwao huandaliwa pamoja na soseji, na soseji hizo mara nyingi ni za nguruwe. Sisi twaweka nyama ya ng'ombe badala yake. Chemsha nyama nusu kilo iliyokatwa vipande vidogo mpaka ianze kulainika. Tia adesi za kahawia nusu kilo, karoti 3 na vitunguu 2 vilivyokatwa. Pika mpaka adesi ziive bila kuvunjika, yapata dakika 40. Tia chumvi na pilipili manga, na mwishoni kabisa siki vijiko 3 vya chakula. Siki hiyo usiiache, kwani ndiyo siri ya chakula hiki. Ukikosa adesi, choroko zafaa.

Tambi zake ni hivi: unga wa ngano gramu 400, mayai 4, chumvi kijiko 1 cha chai, na maji kiasi cha kufanya rojo zito linalovutika. Piga kwa mwiko mpaka ufanye mapovu. Weka rojo kidogo juu ya ubao uliolowanishwa, kisha kwa kisu likwangue vipande vyembamba vidondokee katika maji ya chumvi yanayochemka. Vikielea juu vimeiva, viopoe. Mara ya kwanza tambi zetu zilitoka nene kama vidole vya miguu. Tulizila hivyo hivyo, na hazikuwa mbaya.

3. Viazi vya siki na samaki wa kukaanga (Kartoffelsalat). Kaskazini ya Ujerumani hutia rojo la mayai na mafuta, lakini rojo hilo huharibika upesi katika joto letu. Kusini hutumia siki na supu, na njia hiyo ndiyo ifaayo hapa. Chemsha viazi mviringo kilo 2 na maganda yake. Vimenye vingali moto, uvikate vipande vyembamba. Mimina juu yake supu ya nyama ya moto kikombe kimoja na nusu, iliyotiwa siki vijiko 5, haradali kijiko 1, chumvi na pilipili manga, pamoja na kitunguu kilichokatwa vidogo sana. Acha robo saa viazi vinywe ile supu. Hapo tena ndipo utie mafuta ya kula vijiko 5. Ukitangulia kutia mafuta, viazi havitanywa supu. Huo ndio mpango wake. Sangara au sato mpake chumvi na ndimu, mviringishe katika unga, umkaange. Chakula hiki kilipendwa na kila mtu, hata na wavuvi.

4. Chapati za viazi (Kartoffelpuffer). Viazi mviringo kilo 2 uvikune vibichi kwa kibati chenye matundu kinachokunia karoti. Vikamue kwa kitambaa safi mpaka maji yatoke, kisha changanya na vitunguu 2 vilivyokunwa, mayai 3, unga wa ngano vijiko 5 na chumvi. Teka kwa kijiko kikubwa, tandaza katika mafuta ya moto, kaanga pande zote mbili mpaka ziwe na rangi ya dhahabu. Usizikawize baada ya kuchanganya, kwa kuwa viazi huwa vyeusi. Kwao hula pamoja na matufaha yaliyopondwa na kupikwa. Matufaha kwetu ni ghali, basi tulipika nanasi na sukari kidogo, likafaa sana.

5. Nyama ya kukunja (Rouladen). Hiki ni chakula cha siku kuu na cha Jumapili kwao. Kwetu chafaa Idi au siku ya kuwakaribisha wakwe. Mwombe mchinjaji akukatie nyama ya paja ya ng'ombe vipande 8 vipana na vyembamba. Kila kipande kigonge kidogo, kipake haradali, kitie chumvi na pilipili manga, weka kitunguu na kipande cha tango lililolala katika siki, kisha kikunje na kukifunga kwa uzi. Asili yake huwekwa ndani nyama ya nguruwe iliyokaushwa kwa moshi, na wengine humimina mvinyo mwekundu katika mchuzi. Vyote viwili tunaviacha. Mahali pa nguruwe weka karoti, na mahali pa mvinyo weka supu yenye kijiko kimoja cha siki. Kaanga nyama mpaka iwe nyekundu ya kahawia pande zote, tia vitunguu na supu, funika, upike kwa moto mdogo kwa saa 2. Sisi wenye ng'ombe katika mkoa huu, ambao twajua kuchoma na kuchemsha tu, twaweza kupata hapa njia ya tatu.

6. Kabichi chachu (Sauerkraut). Kabichi kilo 2 ikatwe nyembamba sana, itiwe chumvi gramu 40, yaani kiasi cha vijiko viwili vya chakula vilivyojaa. Ipondwe kwa mikono safi mpaka itoe maji yake yenyewe. Ishindiliwe katika chupa pana, maji yake yaifunike kabisa, na juu yake liwekwe jiwe safi lililochemshwa. Ifunikwe pasipo kukazwa, ili hewa ipate kutoka, na iwekwe kivulini. Katika joto letu huchacha upesi. Baada ya siku 5 au 7 yaweza kuonjwa. Ikifanya ukungu, imwagwe.

Mwanafunzi wangu mmoja mkubwa aliniuliza, “Maalim, kilichochacha si pombe?” Ni swali zuri. Jawabu lake ni kwamba tunachokitazama ni kulevya, si uchachu. Maziwa mgando yamechacha, nasi twayanywa. Kabichi hii hugeuka kuwa kali kwa njia iyo hiyo ya maziwa, wala haimlevyi mtu hata akila chupa nzima. Siki nayo Mtume (S.A.W.) aliisifu kuwa ni kitoweo kizuri. Wanavyuoni wetu wa Shafi wameeleza kwamba mvinyo uliogeuka kuwa siki wenyewe, bila kutiwa kitu, umetakata. Ama uliogeuzwa kwa kutiwa kitu, huo wameukataa. Basi mwenye shaka na anunue siki isiyotokana na mvinyo, nayo iko madukani na bei yake ni nafuu.

NNE, YA KUJIHADHARI NAYO

Nimesema kwamba tusiharimishe cha halali. Sasa nasema upande wa pili, maana wako vijana watakaosoma nusu ya makala hii na kuiacha nusu. Ni kweli kwamba Wajerumani wengi hula nguruwe kwa wingi, na soseji zao nyingi hutoka kwake. Ni kweli pia kwamba pombe huingia hata mahali usipoidhania. Keki yao mashuhuri ya Msitu Mweusi hutiwa maji makali ya cheri, nayo ni pombe. Vitumbua vingine hukaangwa kwa mafuta ya nguruwe.

Siku hizi familia nyingi zina jamaa Ulaya, na vifurushi vya peremende na biskuti hutufikia hata Butiama. Kwa hiyo nimemwomba mkaza mwana wangu aniandikie maneno ambayo mama wa nyumba ayatafute katika maandishi ya pakiti. Schwein ni nguruwe. Speck na Schinken mara nyingi ni nyama ya nguruwe iliyokaushwa. Schmalz ni mafuta ya mnyama, na kwa kawaida ni ya nguruwe. Gelatine ni kitu kinachofanya peremende zivutike kama mpira, na kule mara nyingi hutengenezwa kwa ngozi ya nguruwe. Wein ni mvinyo, na Alkohol hamhitaji kufasiriwa. Kateni ukurasa huu mwubandike jikoni, kwani watoto wetu ndio walaji wa peremende hizo.

Wala msidhani kwamba Mwislamu hawezi kuishi Ujerumani akala halali. Mwaka 1961 serikali ya Ujerumani Magharibi ilipatana na Uturuki kuchukua wafanya kazi, na watu wengi wakahamia huko na dini yao. Leo Waislamu wa Ujerumani wapita milioni 5, na katika miji mikubwa yako maduka ya nyama iliyochinjwa kwa sheria. Mkaza mwana wangu asema kwamba mchinjaji wake ni Mturuki, na kwamba aliyemfundisha kupika nyama ya kukunja bila nguruwe ni mke wa mchinjaji huyo. Kwa hiyo sisi wa Musoma si wa kwanza kufanya hivi.

MWISHO WA KHABARI

Ijumaa iliyofuata nilisimama madrasa mbele ya watoto wote, na mjukuu wangu nimemshika mkono. Nikasema, “Miezi iliyopita niliwafundisha jambo pasipo kulijua, nikawasema watu wote kwa matendo ya baadhi yao. Nilikosa. Mtoto aliyeyarudia maneno yangu hana kosa, kosa ni langu.” Nyumba ilinyamaza kimya. Sijapata kusema neno lililoniwia zito kama hilo katika miaka yangu yote ya kufundisha, wala sijapata kuona watoto wakisikiliza namna ile. Jioni yule mtoto alikuja kwangu pamoja na mama yake, wakala chapati za viazi.

Kwa mke wangu sikutoa hotuba. Nilimsomea khabari ya Abu Tha'laba na vyombo, nikanyamaza. Kesho yake alasiri, mkaza mwana wangu alipokuwa akikoroga wali wa maziwa, mke wangu alikuja akatazama ndani ya sufuria, akasema, “Mbona huu ni wali wa maziwa? Mama yangu alikuwa akitupikia mwezi wa Ramadhani, ila yeye alitia iliki.” Mkaza mwana akamjibu, “Mama, nionyeshe.” Iliki ikaletwa. Wakapika pamoja, nusu kwa mdalasini na nusu kwa iliki, na mke wangu akala sahani mbili. Tumbo halikumwuma.

Kabichi chachu mpaka leo haitaki. Asema imeoza, na kwamba sisi wengine twajifanya hodari tu. Sikumlazimisha. Khabari ya kenge yule wa jangwani yatutosha sote: asiyetaka aache, anayetaka ale, na meza ibaki moja.

Siku ya safari, tulipokuwa tukifunga mizigo, nilikikuta kile kikaango kimeoshwa, kimesuguliwa kwa majivu mpaka chang'aa, kimetundikwa ukutani kati ya sufuria zetu. Nikamwambia mkaza mwana wangu asikisahau. Mke wangu akaniwahi akasema, “Mwache. Nimekwisha mwomba, na amekubali. Akirudi atakikuta.”

Enyi wazazi, wako watoto wa ndugu zetu wanaozaliwa Stuttgart na Muscat na London, nao siku moja watakuja Musoma, na Bunda, na Butiama, kuwatazama babu na bibi zao. Hawatakumbuka mengi tuliyowaambia, maana lugha yao ni nyingine. Lakini watakumbuka kama walikuta kitu wanachokijua katika sahani. Jifunzeni chakula kimoja chao, kilicho halali, muwapikie siku ya kwanza. Siku ya pili watakula ugali wenu bila kusukumwa. Mjukuu wangu alikuwa akila ugali wa mtama na dagaa kabla wiki ya nne haijakwisha.

Nanyi walimu wenzangu, chungeni mifano mnayoitoa darasani. Mtoto husahau somo, mfano haumtoki.

Mwenyezi Mungu atuwezeshe kula cha halali, na kuwapokea wetu popote walipozaliwa. Wabillahi tawfiq.